TAHADHARI: Dawa ya majani ya mlonge "iliyopimwa maabara"

Ndugu zangu wenye wazazi wa kisukari, hasa mlioko Dar: kuna dada anauza dawa ya majani ya mlonge, chupa ya kahawia ya nusu lita, shilingi 45,000, bodaboda anakuletea mlangoni. Ukisita tu, anakutumia picha ya karatasi ya maabara yenye mhuri. Hiyo karatasi ndiyo iliyoninasa mimi.

Mama ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Metformin, vidonge vyake vya kushusha sukari, alikuwa haikosi, mpaka yule dada alipompigia simu: "Mama, hivyo vidonge vipumzishe kwanza, dawa zisigombane." Mimi sikuambiwa. Siku ya kumi na mbili kiu haikatiki, usiku kucha anakwenda chooni. Alfajiri tukampima kidoleni, hajatia hata chai mdomoni: sukari 23.6. Daktari wake alikuwa anataka asubuhi isizidi 7. Akalazwa siku nne.

Nilipotulia ndipo nikaisoma ile karatasi, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutuma hela. Walichopima ni unyevu, bakteria, ukungu na madini ya risasi. Basi. Yaani imepimwa kama ni safi, si kama inatibu. Neno kisukari halimo. Na sampuli yao ni unga, mimi nimeuziwa maji!

Nikamuuliza. Akanirushia karatasi nyingine, ya utafiti, Kiingereza kitupu. Mpwa wangu anayesoma ufamasia akanisomea: ni panya. Walidungwa kemikali iitwayo aloksani kongosho liharibike, sukari ikapanda, kisha wakanyweshwa dondoo ya majani ikashuka. Na walipimiwa kwa miligramu, kila mmoja kwa uzito wake. Chupa ya dada imeandikwa "vijiko viwili kutwa mara tatu". Wale watafiti sina ugomvi nao, dawa nyingi huanzia kwa panya. Lakini mama yangu si panya.

Wala mlonge sina neno nao. Mboga yake tunaila hadi leo.

Chupa yenyewe ina lebo ya picha ya jani, haina jina la mtengenezaji wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na tarehe ya kuisha muda imeandikwa kwa kalamu. Nilipodai hela yangu akaniblok. Juzi jirani kaletewa chupa ileile, karatasi ileile, ila sasa kwenye lebo inatibu presha.