Hansard ya Bunge: nyota nne, lakini usiichapishe yote

Nina stationery karibu na chuo, Morogoro. Msimu wa bajeti wanachuo wanakuja na flashi, "Mama, nitolee Hansard," na mimi huisoma huku mashine ikitema karatasi.

Kwa asiyeijua, ni Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge, neno kwa neno, tena kwa Kiswahili. Unaipakua bure kwenye tovuti ya Bunge. Utamu wake kwangu uko kwenye mabano: (Makofi), (Kicheko), na lile la kengele kulia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Utakuta mchango umeanza na shukrani kwa Mwenyezi Mungu, ukaja kwa Rais, ukahamia pongezi kwa Waziri na Naibu wake, mara kengele, "naunga mkono hoja asilimia mia moja," basi. Maji ya jimboni yamepata sentensi mbili.

Ndiyo maana naipendekeza. Waziri akisema jambo "limepitishwa na Bunge lako Tukufu," sisi wa mtaani tunanyamaza, tunaona limeshapata ridhaa yetu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Humu unaona kama kweli ilisimamiwa au ilipigiwa makofi tu.

Mgeni aanze na Aprili 2019. Profesa Mussa Assad, CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wa wakati ule, alikuwa amesema kwenye mahojiano kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa kwenye kamati ya maadili, kisha Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Likajadiliwa neno, hoja ya ripoti ikabaki pembeni. Kwa maoni yangu azimio lile liliwapunguzia heshima wabunge wenyewe kuliko neno lolote la CAG, na Serikali waliyopaswa kuisimamia nayo ikaingia kwenye mashaka.

Nyota ya tano naibana kwa urefu: Hansard ya siku moja tu inaweza kuvuka kurasa mia, na wino si wa bure. Mwenye haraka aende kwenye kura ya bajeti ya Juni. Pale wabunge huitwa mmoja mmoja na jibu la kila mtu huandikwa. Tafuta la mbunge wako. Kurasa hizo nachapa kwa bei ya kopi ya kawaida.