Jioni Saba za Misimu Mikuu ya Hoki ya Barafu Katika Ukumbi wa Langoni, Lamu

Ukumbi wa kutazama michezo ulioko Langoni, katika kichochoro kinachoshuka kutoka barabara kuu ya mji kwenda pwani, tumeuzoea kwa mechi za kandanda za Uingereza, na wengi wetu hatukutarajia utuletee jambo jingine. Mwezi uliopita mwenye ukumbi, ambaye alisomesha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu na ambaye watu wanamwita Mwalimu hadi leo, alitangaza jioni saba za kuonyesha misimu mikuu kuliko yote iliyowahi kuchezwa na mtu mmoja katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Kiingilio kilikuwa shilingi 50 kwa jioni moja au 300 kwa zote saba, pamoja na kikombe cha kahawa chungu na karatasi ya takwimu aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Nilihudhuria zote, kila siku baada ya sala ya Isha, na tathmini hii inahusu kile tulichopewa kwa fedha hizo.

Jambo la kwanza linalostahili sifa ni namna Mwalimu alivyoueleza mchezo kwa watu ambao barafu wanaijua kwenye pipa la kuhifadhia samaki tu. Hakuanza na sheria. Alianza na kisahani, kile kipande cha mpira mgumu mweusi ambacho wachezaji watano na golikipa wa kila upande wanakigombea kwa magongo huku wakiteleza juu ya vyuma vyembamba vilivyofungwa viatuni, kisha akatueleza kuwa bao ni pointi moja kwa mfungaji, na pasi ya bao nayo ni pointi moja, na kwamba pasi mbili za mwisho kabla ya bao zote huhesabiwa. Kwa maelezo hayo machache tuliweza kuisoma karatasi yake bila kuuliza. Alitukumbusha pia kwamba mchezo huu haupo mbali nasi kama tunavyodhani, kwa sababu Nairobi ina timu ya Kenya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya Wayne Gretzky na msimu wa 1981-82 akiwa na Edmonton Oilers. Mabao 92, pasi za mabao 120, pointi 212 katika mechi 80. Kabla yake rekodi ya mabao ilikuwa 76, aliyoiweka Phil Esposito mwaka 1970-71, na kufunga mabao 50 katika mechi 50 za mwanzo lilikuwa jambo ambalo Maurice Richard na Mike Bossy pekee walikuwa wamelifikia. Gretzky aliyafikia katika mechi ya 39, tarehe 30 Desemba 1981, siku aliyoingia uwanjani akiwa na mabao 45 na kuwafunga Philadelphia matano, la mwisho likiingia katika lango ambalo golikipa wake alikuwa ameondolewa ili timu iongeze mshambuliaji. Bao lile lilipoingia ukumbi mzima ulipiga makofi, miaka zaidi ya arubaini baada ya tukio lenyewe.

Hapo ndipo nahodha mmoja mzee, aliyeendesha majahazi tangu ujana wake na ambaye hukaa karibu na mlango, alipoinua mkono na kusema, "Mwalimu, masalkheri. Umetuonyesha samaki, hukutuonyesha upepo. Mwaka ule wenziwe walikuwa wakivua kiasi gani?" Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Nahodha, swali lako nimelipokea. Nipe siku moja." Kesho yake karatasi ilikuwa na safu mpya yenye kichwa kimoja tu, Upepo, na chini yake aliandika wastani wa mabao ya timu zote mbili katika mechi moja ya ligi kwa kila msimu uliotajwa.

Kwangu mimi, safu ile ndiyo iliyoifanya huduma hii istahili bei yake mara nyingi. Mtu wa Lamu hawezi kuambiwa kwamba fulani alirudi na jahazi limejaa bila kuuliza kama ilikuwa kaskazi au kusi, na haoni kwa nini mchezaji apimwe kwa namna nyingine. Katika 1981-82 upepo ulikuwa wa kujaza tanga, kwani mechi ya wastani ilitoa mabao kama 8. Kwa hiyo pointi 212 peke yake hazitoshi kuthibitisha ukubwa wa msimu ule. Kinachouthibitisha ni kwamba Bossy, aliyekuwa wa pili, alivua katika upepo ule ule na akapata 147, pungufu ya pointi 65. Nahodha aliposomewa hesabu hiyo alitikisa kichwa na kusema kwamba sasa ameridhika.

Jioni ya pili haikuwa na picha nyingi za kusogea, maana ilihusu mambo ya zamani mno, lakini safu ya Upepo iliibeba. George Hainsworth, golikipa wa Montreal Canadiens, alimaliza mechi 22 kati ya 44 za msimu wa 1928-29 bila kufungwa hata bao moja, na kwa wastani aliruhusu chini ya bao moja kwa mechi. Ukiisoma takwimu hiyo bila upepo, utamweka juu ya makipa wote waliopata kuishi. Mwalimu alieleza kwamba katika miaka ile mchezaji hakuruhusiwa kupiga pasi ya mbele akiwa katika eneo la ushambuliaji, na kwamba mechi nzima ilikuwa ikitoa mabao chini ya 3. Msimu uliofuata sheria ilibadilishwa, na mabao yakaongezeka karibu maradufu. Hainsworth alikuwa golikipa hodari, hilo halina ubishi, ila bahari yenyewe ilikuwa shwari. Kuhusu Richard na mabao yake 50 katika mechi 50 za 1944-45, tulipewa dakika chache tu, na zilitosha.

Jioni ya tatu nitaizungumza kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha rai yangu. Sisi wanawake tulipangiwa roshani ya juu, na kutoka kule uwanja ulionekana wote kama mkeka uliotandikwa, kwa hiyo tulimwona Bobby Orr vizuri kuliko waliokaa chini. Orr alikuwa beki wa Boston Bruins. Kabla yake kazi ya beki ilikuwa kulinda na kusafisha, na hakuna beki aliyewahi kuongoza ligi kwa pointi. Orr aliongoza mwaka 1969-70 kwa pointi 120, na mwaka huo huo akafunga bao la ubingwa katika muda wa nyongeza tarehe 10 Mei 1970. Lakini msimu ambao Mwalimu aliuchagua ni ule uliofuata, wa 1970-71, na uchaguzi huo naukubali kikamilifu. Mabao 37, pasi 102, pointi 139, ambazo hadi leo hakuna beki aliyezifikia. Zaidi ya hayo ipo hesabu nyingine, inayotazama mabao ambayo timu inafunga na kufungwa wakati mchezaji yuko uwanjani, bila kuhesabu mabao ambayo timu yenye watu wengi zaidi inayapata wakati mpinzani anatumikia adhabu. Kwa Orr tofauti ilikuwa mabao 124 upande wa faida, na hadi leo hakuna aliyeifikia. Upepo wa mwaka ule ulikuwa wa mabao 6 na kidogo kwa mechi, yaani mdogo kuliko wa Gretzky.

Kutoka juu niliona kitu ambacho karatasi haiwezi kukiandika. Orr alikuwa akichukua kisahani nyuma ya lango lake mwenyewe na kuanza kupanda taratibu, na wapinzani wote watano walikuwa wakirudi nyuma pamoja naye, kana kwamba maji yanakupwa mbele ya chombo. Boston walitolewa na Montreal katika raundi ya kwanza ya mtoano mwaka ule, na goti lake likaja kumlazimisha kuacha kucheza akiwa na miaka 30. Mwalimu ameuweka msimu huu katika nafasi ya tatu. Mimi ningeuweka wa kwanza, kwa kuwa wengine walizidisha kilichokuwapo, naye aliigeuza kazi ya beki ikawa kitu kingine kabisa.

Jioni ya nne, ya Gretzky tena na pointi zake 215 za mwaka 1985-86, ingeweza kufupishwa. Jambo moja tu ndilo lililokaa moyoni, kwamba pasi zake za mabao peke yake zilikuwa 163, na Mario Lemieux aliyekuwa wa pili alikuwa na pointi 141 kwa mabao na pasi zote kwa pamoja.

Lemieux mwenyewe alipewa jioni mbili, na kwa haki. Katika 1988-89 alipata pointi 199, na tarehe 31 Desemba 1988 aliwafunga New Jersey mabao matano kwa njia tano zilizo tofauti: timu zikiwa sawa kwa idadi, timu yake ikiwa na mtu wa ziada, timu yake ikiwa pungufu, kwa penalti, na katika lango tupu. Hata hivyo, tuzo ya mchezaji bora ilimwendea Gretzky, aliyekuwa amehamia Los Angeles, na ubishi uliozuka baada ya hapo ulitutoa ukumbini saa tano za usiku.

Jioni ya sita ilikuwa ya kimya. Januari 1993 Lemieux alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni saratani ya tezi za limfu, akaacha kucheza ili apate tiba ya mionzi. Tarehe 2 Machi alipata tiba ya mwisho, na usiku wa siku hiyo hiyo akacheza Philadelphia, akafunga bao moja na kutoa pasi ya bao jingine, na mashabiki wa wapinzani wakasimama kumpigia makofi. Wakati huo Pat LaFontaine wa Buffalo alikuwa amemtangulia kwa pointi 12. Msimu ulipomalizika Lemieux alikuwa na pointi 160 kwa mechi 60, na LaFontaine 148 kwa mechi 84, yaani pengo lile lile la 12 likiwa limegeuka upande. Mwalimu alizima sauti ya mtangazaji na kusimulia mwenyewe kwa sentensi fupi, na nadhani hakukuwa na njia bora zaidi ya kuisimulia habari ile. Teemu Selänne, aliyefunga mabao 76 katika msimu huo huo akiwa ndiyo kwanza anaingia ligi, aliambatanishwa mwishoni, na nilisikitika kwamba alipita haraka.

Lawama yangu kubwa ni ya jioni ya saba. Dominik Hašek wa Buffalo na msimu wake wa 1997-98 walibanwa pamoja na Connor McDavid na pointi zake 153 za 2022-23, na golikipa akapata chini ya nusu saa. Hapa ndipo safu ya Upepo ilihitaji maelezo zaidi, kwa sababu mwaka ule mechi ilikuwa ikitoa mabao zaidi kidogo ya 5, na mtu anaweza kusema kwamba Hašek naye alisaidiwa na bahari shwari kama Hainsworth. Jibu lilikuwapo, ila halikutolewa. Makipa wa ligi kwa jumla waliruhusu takriban mashuti 94 kuwa mabao katika kila 1,000, naye aliruhusu 68. Alimaliza mechi 13 bila kufungwa, akapata tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mara ya pili mfululizo, na katikati ya msimu akaenda Nagano, Japani, kuichezea Jamhuri ya Cheki katika Olimpiki ya majira ya baridi, akazuia penalti zote tano za Kanada katika nusu fainali na kuwafunga mlango Warusi katika fainali iliyoisha 1-0. Msimu wa namna hiyo ulistahili jioni yake peke yake.

Kuhusu ukumbi wenyewe, projekta imechoka, na katika picha za miaka ya sabini kisahani kilipotea mara kwa mara juu ya ukuta wa chokaa. Feni mbili hazitoshi wakati huu wa matlai. Kule roshani boriti inaficha kona ya kulia ya picha, na anayekaa mwisho wa benchi hulijua bao kwa kelele za waliokaa chini. Nilimweleza Mwalimu, naye akaahidi kuuteremsha mkono wa projekta kabla ya mzunguko wa pili, ambao utaanza Jumamosi ya kwanza baada ya Idi kwa bei ile ile. Kahawa ni nzuri, na kashata zinauzwa mlangoni. Atakayekuja roshani awahi benchi la kushoto, karibu na dirisha, na aje na mto wa kukalia, hasa jioni ya Orr.