Silika au kujifunza? Sokwe wa Kibale na wa Budongo

Wengi hapa Uganda wanasema mnyama anaendeshwa na silika tu, yaani tabia anayozaliwa nayo, kujifunza ni mambo ya binadamu. Mimi sikubali kabisa, na mfano tunao hapahapa nyumbani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha jaribio moja zuri sana, walitoboa matundu kwenye gogo wakatia asali, wakaangalia sokwe mtu watafanyaje. Sasa ona, wa kundi la Kanyawara kule msitu wa Kibale wakachukua vijiti wakachokonoa, wa kundi la Sonso kule msitu wa Budongo wakatafuna majani wakayafanya sponji wakafyonzea asali. Damu moja, mazoea tofauti!

Silika nayo ina nguvu yake, kifaranga akishatoka kwenye yai anaanza kudonoa bila kuonyeshwa, ila kipi kinalika hapo inabidi ajifunze.

Tena silika na kujifunza haviko mbali hivyo. Mwanasaikolojia John Garcia wa Marekani alionyesha 1966 kwamba panya akinywa maji matamu halafu akaugua, ile ladha anaikataa, lakini ukimpa mwanga na mlio badala ya ladha hashiki haraka. Yaani evolusheni, mabadiliko ya viumbe vizazi kwa vizazi, imeshapanga somo gani liingie upesi.

Mtoto wa Kampala pia, uwezo wa lugha anazaliwa nao, ila Luganda au Kiswahili ni anachosikia nyumbani na mtaani.

Ukinibana nichague, kwa sokwe na binadamu nauchagua uzoefu. Ndo maana mitego ya wawindaji msituni inaniuma sana, sokwe mama akifa mtoto anapoteza mwalimu wake.