Mabuti Magumu na Ubao Mwembamba: Tathmini Baada ya Misimu Mitatu ya Theluji Zinal

Naishi Sierre, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, na kila Jumamosi ya majira ya baridi ambayo sina zamu kazini hupanda basi la asubuhi hadi Zinal, kijiji kilicho mwisho wa bonde la Anniviers. Kwa misimu mitatu sasa nimekuwa nikiteleza kwenye theluji kwa ubao mwembamba na mabuti magumu ya plastiki, si kwa mabuti laini ya kufunga kwa kamba ambayo karibu kila mwenye ubao huyavaa. Ndugu na marafiki wa nyumbani wanaoishi huku Ulaya wameniuliza mara nyingi vifaa hivi ni vya kazi gani, kama vinamfaa mtu asiyeshindana, na pesa zielekezwe wapi kwanza. Jibu langu nalitoa mapema: pesa ziende kwenye mabuti, muda uende kwenye kupanga vifungo vinavyoshika mabuti kwenye ubao, na ubao wenyewe uje mwisho. Mimi nilianza na ubao, na msimu wangu wa kwanza wote ukapotea.

Anayevaa mabuti laini husimama akiwa ameupa mteremko ubavu, miguu ikikingama juu ya ubao mpana. Mwenye mabuti magumu huelekeza miguu yake mbele zaidi, karibu kufuata urefu wa ubao, na kwa hiyo ubao unaweza kuwa mwembamba mno na kulaliwa upande mmoja kisha wa pili bila kuchelewa. Ganda la plastiki hupeleka nguvu ya ugoko moja kwa moja kwenye makali ya chuma yaliyo pembeni mwa ubao, nayo makali huingia kwenye theluji ngumu na kuikata badala ya kuikwangua. Washindani wa mbio za ubao za kupinda kati ya vijiti katika Olimpiki hutumia vifaa vya aina hii tangu mchezo huo uingizwe Nagano mwaka 1998, na mwaka 2018 Ester Ledecká wa Ucheki alishinda dhahabu kwa ubao na dhahabu nyingine kwa ski, yaani mbao mbili, moja kwa kila mguu, katika michezo ileile. Hata hivyo sisi wa kawaida hatukimbizani na saa. Tunatafuta ile raha ya kulala ubavu karibu na ardhi huku ubao ukikuzungusha, na Zinal ina historia yake katika jambo hilo, kwa kuwa Jacques Rilliet na Patrice Fivat walikuzia hapa mtindo wa kukata kona mwili mzima ukigusa theluji.

Nianze na mabuti, kwa sababu ndiyo yanayoamua mengine yote. Ninayotumia ni Deeluxe Track 325, ambayo ni miongoni mwa mabuti magumu yanayokunjika kirahisi zaidi katika ukoo wa Track, wakati ile ya 700 imekusudiwa watu wa mashindano. Nimeyapenda kwa namna yanavyokubali kuinama. Ukikunja kifundo, plastiki hulegea kidogo kidogo, ikikupinga zaidi kadiri unavyozidi kusogea mbele, bila kugota ghafla. Mtu wa kilo 74 kama mimi, anayeteleza mara moja kwa wiki, hana haja na buti gumu kuliko hilo, kwa sababu buti asiloweza kulikunja humsimamisha kama nguzo, na nguzo haiwezi kufuata matuta ya njia. Nyuma ya buti kuna wenzo mdogo wenye hatua kadhaa: ukiuachia unatembea kwa staha hata kwenye ngazi za kituo, na ukiufunga buti hubaki limeinama kwa kiasi ulichochagua. Mimi huliinamisha zaidi buti la mguu wa nyuma, maana goti la nyuma hujikunja zaidi.

Ukubwa wa buti ndio uliokuwa tatizo langu. Duka la kwanza nililokwenda, ambalo sitalitaja, liliniuzia mabuti makubwa kwa namba mbili kwa maelezo kwamba vidole vinahitaji kupumua. Kisigino kilinyanyuka ndani ya ganda kila nilipoegemea mbele, nami nikazidi kukaza bizimu hadi miguu ikafa ganzi, na bado makali yalichelewa kunisikia. Mabuti haya hupimwa kwa sentimita za mguu, na njia ya kuhakikisha ni rahisi kiasi kwamba naona uchungu kwamba hakuna aliyenionyesha siku ile. Toa buti la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogea mpaka vidole viguse mbele, kisha pitisha vidole vya mkono nyuma ya kisigino. Viwili vikiingia kwa kubanana, ganda ni lako. Vikiingia vitatu, lirudishe. Baada ya hapo buti la ndani hupashwa joto dukani hadi lilainike, nawe hulivaa likiwa bado moto na kusimama wima kwa dakika kama kumi, likijifinyanga kufuata kifundo na ule mfupa wa pembeni unaojitokeza. Siku niliyovaa mabuti ya saizi yangu nililegeza bizimu kwa tundu mbili, na kona zilizonishinda msimu mzima zikakubali kabla ya saa sita mchana.

Kuna wanaouliza kama buti la ski halitoshi, kwa kuwa nalo ni la plastiki. Yapo yanayoingia kwenye vifungo, lakini soli ya buti la ubao ni fupi zaidi na imekatwa kwa mshazari mbele na nyuma, ili isikwaruze theluji ubao unapolala. Watengenezaji wa UPZ wanasifika hasa kwa soli fupi, na mwenye mguu mkubwa afikirie jambo hilo kabla ya kuangalia rangi.

Vifungo vipo vya namna mbili. Vya kwanza hubana buti kwa vyuma viwili vilivyopindwa, kimoja kisiginoni na kingine kwenye vidole chenye wenzo wa kufunga, na ndivyo ninavyompendekezea anayeanza, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kwa macho. Vya pili ni vya mfumo wa Intec, ambapo kisigino maalumu chenye pini mbili za springi hufungwa chini ya buti. Unatanguliza vidole, unakanyaga, na pini zinajichomeka zenyewe. Mpini mdogo uliofungwa kwenye waya hutokeza juu ya buti, nawe huuvuta unapotaka kutoka. Natumia F2 vya mfumo huu na nimeridhika navyo, hasa kwa sababu sihitaji kukaa kwenye theluji kila nishukapo kwenye lifti. Vifungo vya Bomber kutoka Marekani ni vizito na imara zaidi, na mtu mwenye umbo kubwa huenda akavipenda kuliko hivi vyangu.

Katika mfumo wa pini lipo jambo moja ambalo kila anayeununua anapaswa kulishika. Ukikanyaga husikika mlio mkavu, ta, na mtu hudhani kazi imekwisha. Pini ni mbili, na mlio mmoja hauthibitishi kwamba zote zimeingia, kwa sababu theluji iliyogandamana chini ya kisigino huweza kuzuia pini ya upande mmoja huku ya pili ikiwa imekaa vizuri. Mfukoni nabeba kijiti cha mbao. Nachokoa theluji, nakanyaga, kisha nainama nitazame kulia na kushoto, na mwisho najaribu kunyanyua kisigino kwa nguvu. Hatua zote hizo hazichukui hata nusu dakika.

Sasa pembe za vifungo, ambazo wengi huziiga kwa rafiki bila kupima. Pembe inafuata urefu wa soli na upana wa ubao katikati, mahali panapoitwa kiuno. Soli yangu ina urefu wa sentimita 30 na kiuno cha ubao wangu ni sentimita 20. Soli hiyo ikigeuzwa nyuzi 40 kutoka kwenye mstari unaokata ubao, huchukua takribani sentimita 23 za upana, kwa hiyo vidole na kisigino vinaning'inia nje. Ikigeuzwa nyuzi 55 huchukua takribani 17, na hata ukiongeza upana wa soli yenyewe unabaki karibu na kingo. Nilijua hesabu hii kwa kuanguka. Nilikuwa nimeweka nyuzi 45 kwa kuogopa kusimama nikiangalia mbele mno, na katikati ya kona moja ya vidole, yaani ile ya kuulalisha ubao upande wa vidole, ncha ya buti iligusa theluji, makali yakanyanyuka, nami nikateleza kwa kifua hadi pembeni mwa njia. Siku hizi mguu wa mbele upo kwenye nyuzi 58 na wa nyuma 55. Ongeza kabari zinazokuja na vifungo, ya mbele ikiinua vidole na ya nyuma ikiinua kisigino, na magoti yatakaa mahali pake bila kulazimishwa. Kila badiliko lifanywe peke yake na kwa nyuzi mbili au tatu tu, na bisibisi iwe mfukoni, maana skrubu hulegea siku ya kwanza.

Kuhusu ubao sitarefusha. Wangu una urefu wa sentimita 168, nimeununua uliokwishatumika kwa faranga 250, na mbonyeo wa ubavu wake umechorwa kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 12. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuulizia. Kadiri ubao unavyolazwa, kona hufupika: ukiuinamisha nyuzi 60 kwenye theluji ngumu, ile duara ya mita 12 hukaribia mita 6. Ubao wa mashindano wenye urefu wa sentimita 185 una duara kubwa zaidi na hudai mwendo ambao njia zenye watu haziruhusu, na kwa sababu hiyo simshauri mtu wa kawaida aununue hata akiupata kwa bei ya kutupa. Warsha ndogo kama Kessler ya Braunwald hapa Uswisi, Donek ya Colorado na Coiler ya Kanada ndizo zinazojulikana kwa mbao hizi. Anayeagiza ataje uzito wake kwanza, maana ugumu wa ubao hufuata uzito. Mbao nyingi za sasa zina tabaka za Titanal, aina ya aluminiamu inayotuliza mtetemo, na tofauti yake husikika magotini kwenye theluji iliyoganda usiku.

Vifaa vikikamilika, mbinu ya kwanza ni kuacha kusukuma. Aliyezoea mabuti laini huuzungusha ubao kwa mguu wa nyuma, na ubao mwembamba hujibu kwa kukwangua na kutetemeka. Tafuta njia pana isiyo na mwinuko mkali, iliyotoka kusawazishwa na mashine, ambayo bado ina mifuo yake ya asubuhi. Teleza ukikatiza mteremko, laza ubao kidogo tu, kisha usifanye lolote. Ngoja. Simama, geuka, utazame alama uliyoiacha. Ikiwa ni pana kama iliyofagiliwa, ulikwangua. Ikiwa ni mstari mwembamba kama wa kisu kwenye unga wa chapati, makali yalikata. Hata sikio hukuambia, kwa kuwa makali yanayokata hayapigi kelele. Nilitumia Jumamosi nne kwa zoezi hilo peke yake pale Sorebois, eneo la kuteleza lililo juu ya Zinal, na sijutii hata moja.

Kona ya vidole huja mapema, kwa sababu ugoko una ulimi wa buti wa kuegemea. Kona ya kisigino ndiyo inayosumbua. Wengi huketi kama mtu aliye juu ya mbuzi ya nazi, makalio yametoka nje na mgongo umeinama, wakidhani wamejishusha, kumbe uzito wote umeukimbia ubao. Dawa yake ni kugeuza kiuno na kifua kuelekea mbele, kulivuta goti la nyuma lifuate la mbele, na kutazama kule kona inakokwenda kuishia. Anayenyoosha mkono akitafuta theluji huvunja umbo lake lote. Theluji itakuja yenyewe mwendo na pembe vikitosha. Kabla ya kubadili upande, kunja magoti ubao upite chini yako, badala ya kuinuka wima na kujitupa upya.

Jambo la usalama nalisema kwa uzito. Kona iliyokatwa vizuri huvuka njia nzima, na mara nyingine huelekea tena mlimani, wakati wenye ski walio nyuma yako wanatarajia uendelee kushuka. Anayetanguliza mguu wa kushoto hupelekwa kushoto na kona ya kisigino, yaani upande ule ambao mgongo wake umeelekea. Nina desturi ya kugeuza shingo na kutazama juu kabla ya kila kona ya kisigino, na njia ikijaa watu nasimama pembeni hadi ipungue. Kofia ngumu haina mjadala.

Vifaa hivi vina saa zake. Zinal hunipa theluji nzuri tangu lifti zifunguliwe hadi saa tano hivi asubuhi. Baadaye jua huilainisha, makali huzama kupita kiasi na ubao husimama ghafla katikati ya kona. Kwenye theluji mpya iliyofika magotini pua nyembamba huchimba chini, na hakuna mbinu ya kuiokoa. Kwa siku hizo nimeuhifadhi ubao wangu mpana wa zamani pamoja na mabuti yake laini, na sina mpango wa kuviuza.