Bakuli la kuimba la sentimita 18: lisikie kwanza, ndipo utume M-Pesa

Seti tunayoipima hapa ina vitu vitatu: bakuli la kuimba, yaani bakuli la shaba linalotoa mlio mrefu likigongwa au likizungushiwa mchi, lililofuliwa kwa nyundo Nepal, lenye kipenyo cha sentimita 18 na uzito wa gramu 960, mchi mdogo wa mti uliovishwa ngozi upande mmoja, na mto wa duara wa kulikalisha. Inauzwa Parklands, Nairobi, kwa wanaotafuta sauti ya kutuliza akili nyumbani au kwenye darasa la yoga. Bakuli lenyewe ni zuri sana na linastahili pesa yake. Mchi haustahili. Maandishi ya kwenye boksi yapuuzwe karibu yote.

Tuanze na mlio, kwa sababu ndio unaonunuliwa. Likalishe bakuli juu ya kiganja kilichonyooka, vidole visiguse ukuta wake, kisha ligonge mara moja, taratibu, kwa upande wenye ngozi, chini kidogo ya ukingo. Washa saa ya simu. Mlio wa bakuli hili unapita dakika moja kabla sikio halijaupoteza. Bakuli jembamba la mashine la kipenyo hichohicho hukata kauli mapema zaidi, na tofauti hiyo inatokana na madini. Lililofuliwa kwa mkono ni la shaba ya kengele, yaani takriban sehemu nne za shaba nyekundu kwa sehemu moja ya bati, mchanganyiko mgumu usiomeza mtetemo haraka. La mashine kwa kawaida ni shaba njano, yaani shaba nyekundu na zinki. Aliyezoea upatu wa pwani, ile sahani ya shaba ya ngomani, atauona udugu mara moja, ila upatu hugongwa kushika mdundo, na bakuli huachwa lilie mpaka limalize lenyewe.

Katika mlio huo sikiliza wimbi linalopanda na kushuka. Fundi wa nyundo hawezi kutoa mduara kamili wala unene ulio sawa pande zote, kwa hiyo ukingo hutoa sauti mbili zinazokaribiana mno. Zikiwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 212 na 215, utasikia mawimbi matatu kwa sekunde. Kwa kupumzika, chagua bakuli ambalo mawimbi yake unaweza kuyahesabu bila haraka. Yakienda mbio mno, mwili haulegei. Hili letu lina mawimbi mawili hivi kwa sekunde, na hapo ndipo linapotushinda nguvu kwa uzuri.

Juu ya sauti nene kuna nyingine nyembamba, yenye hezi karibu mara 2.8 ya ile ya kwanza. Hesabu hiyo haiangukii kwenye noti za kinanda, ndiyo maana kibandiko cha "hezi 432" au cha noti ya "chakra" (kituo cha nguvu mwilini) ya moyo au ya koo hakikuelezi kitu cha maana. Bakuli moja lina sauti kadhaa kwa pamoja. Kupanda au kushuka kwa sauti yake kunaamuliwa na unene na upana: ukuta mnene huipandisha, kipenyo kikubwa huishusha. Chini ya sentimita 12 sauti huwa kali kwa mtu aliyelala.

Boksi linasema pia madini saba, dhahabu na zebaki zikiwemo. Zebaki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 357 za selsiasi, na shaba ya kengele haiyeyuki mpaka nyuzi zipite 800. Hiyo zebaki ingebaki wapi? Usilipe hata shilingi ya ziada kwa ajili ya hadithi hiyo, wala kwa neno "la kale" pasipo ushahidi.

Muuzaji akikutumia sauti ya bakuli kwa WhatsApp, mshukuru, kisha uende ukalisikie. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nene ipasavyo. Unachosikia ni zile nyembamba tu, na bakuli bovu na zuri huanza kufanana. Ukifika dukani, pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wote, ndani na nje. Ukucha ukikwama mahali, au mlio ukiwa na mchakacho kama wa spika iliyopasuka, hapo pana ufa. Liache. Shaba ya kengele ikiwa baridi huvunjika badala ya kubonyea, ndiyo maana hufuliwa ikiwa nyekundu kwa moto. Likianguka kwenye vigae huweza kupasuka, na hata fundi hodari wa Kamukunji akilichomelea, mlio wa awali haurudi.

Kuliimbisha kwa kuzungusha mchi ndiko kunakowashinda wengi. Ligonge kwanza kidogo ili lianze kutetemeka. Simamisha mchi karibu wima, uuegemeze nje ya ukingo, kisha zungusha mkono mzima kutoka begani, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili au tatu. Mgandamizo usibadilike. Sauti itajaa baada ya mizunguko mitatu hivi. Mchi ukianza kugongagonga ukingo kwa kelele, mtetemo umeushinda mgandamizo wako: punguza mwendo, kaza kidogo. Likipiga mluzi mkali, mwendo ni wa kasi au mti ni mgumu na mwembamba: geuza upande wa ngozi. Ukiteleza bila kutoa sauti, kuna mafuta ya mikono: futa ukingo kwa kitambaa kikavu, kisha sugua ngozi ya mchi kwa msasa laini. Na likikataa kabisa, tazama vidole vyako, huenda vimepanda ukutani.

Kwenye fleti ya Nairobi chumba chenyewe ni nusu ya kazi. Vigae na kuta tupu hurudisha sauti nyembamba mpaka zichome masikio. Tandika mkeka na blanketi, funga mapazia mazito. Besi ya matatu ina sauti nene kama ya bakuli, basi usishindane nayo: alfajiri na baada ya saa nne usiku ndizo saa zenye faida. Anayepumzika alale chali, bakuli liwe umbali wa nusu mita kutoka kichwani, kamwe lisiwe sikioni, maana bakuli linalozungushiwa mchi lina sauti kubwa kuliko mchezaji anavyodhani. Gonga, subiri sekunde 20 hadi 30, gonga tena. Dakika 20 zinatosha, na tatu za mwisho ziwe za kimya kitupu. Wengi huharibu hapo kwa kugonga kila sekunde tano, kama wanaita watoto chakula.

Kuhusu uponyaji tuseme wazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, wenye washiriki 62, uliona wasiwasi, hasira na uchovu vikipungua baada ya kipindi cha mabakuli. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kutenga kazi ya mlio na kazi ya kulala tu kimya. Bakuli hutuliza, haliponyi presha wala kisukari, na dawa za hospitali ziendelee. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe bakuli kifuani. Mwenye kifafa kinachoamshwa na sauti, au mjamzito wa miezi ya mwanzo, azungumze na daktari kwanza.

Mabakuli meupe ya kwarzi, madini yanayofanana na kioo, yana sauti safi na yenye nguvu, lakini ni mazito na huvunjika kama glasi. Kama unabebwa na boda boda kwenda kufundisha, sahau.

Matunzo ni mepesi. Futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya matumizi. Weusi unaojijenga hauharibu mlio. Ukiuchukia, sugua kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha papo hapo, na usikaribishe steelwool.

Mto uliokuja na seti ni laini mno, bakuli linazama na ukuta wake unaguswa, na hapo mlio unakatwa nusu. Kata ya kitambaa, ileile ya kubebea ndoo kichwani, inafanya kazi vizuri zaidi, mradi uizungushe iwe nyembamba kuliko kitako cha bakuli. Mchi nao ni mwepesi na ngozi yake imebandikwa kwa gundi hafifu inayoachia haraka. Mpe fundi wa mbao akuchongee mwingine wa mti mgumu, urefu sentimita 20 na unene sentimita 3, kisha tafuta Kariokor, wanakoshona makubadhi, kipande cha ngozi laini. Izungushie mara moja, upande wake wa kukwaruza ukiwa nje, na mshono uwe bapa, kwa kuwa kila nundu ya ngozi utaisikia kwenye sauti.