Uzoefu wangu na Kinect na Quest 2: je, konsoli za kesho zitaachana na pedi?

Kinect, kamera ya Xbox 360 ya Microsoft inayousoma mwili wa mchezaji, haitengenezwi tena, lakini mtu anayejiuliza kama konsoli (mashine za michezo ya video) za miaka ijayo zitachezwa bila pedi, yaani kishikio chenye vitufe, atajifunza mengi kwayo kuliko kwa matangazo ya vifaa vipya. Ninayo moja nyumbani Dar es Salaam, iliyonunuliwa Kariakoo kama mtumba pamoja na konsoli yake, na imekaa kwa miaka juu ya kabati la runinga, jirani na pedi mbili za kawaida na, siku hizi, miwani ya uhalisia pepe ya Quest 2, inayokuingiza katika dunia ya kompyuta na ambayo nayo inaweza kusoma mikono mitupu. Vyote vinatumika. Ninachoandika hapa ni tathmini ya mtumiaji wa nyumbani mwenye watoto, mke anayependa muziki na sebule ya ukubwa wa kawaida.

Nianze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu uzuri wake na udhaifu wake vinatoka hapo. Microsoft iliitangaza Juni 2009 kwa jina la mradi, Natal, ikaingia madukani Marekani Novemba 2010 kwa bei ya karibu dola 150, na katika siku 60 za mwanzo zikauzwa takriban milioni 8. Ndani yake mna projekta ndogo inayomwaga chumbani maelfu ya nukta za mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, na kamera inayozitazama nukta hizo. Kwa kupima jinsi zinavyohama zinapoangukia mwili, kochi au ukuta, kifaa hukadiria umbali wa kila kilichomo chumbani. Teknolojia hiyo ilitoka PrimeSense, kampuni ya Israel. Juu ya picha hiyo ya umbali hufanya kazi programu iliyotayarishwa kwa msaada wa watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, ambayo ilifundishwa kwa picha nyingi mno za miili katika mikao ya kila namna, nayo hukisia kichwa kiko wapi, kiwiko kiko wapi na goti liko wapi, kisha huunda kiunzi cha viungo 20 kwa kila mchezaji, wachezaji wawili kwa wakati mmoja.

Swali ambalo wageni wangu huuliza mara nyingi ni kama kifaa kinaona vizuri watu weusi. Halikuzuka bure, kwa maana mwaka 2010 GameSpot, tovuti ya habari za michezo ya video, iliripoti kuwa utambuzi wa uso uliwasumbua baadhi ya wachezaji wenye ngozi nyeusi, na shirika la kupima bidhaa la Consumer Reports lilipopima likaona kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa mwanga chumbani. Kiunzi cha mwili hakihusiki na jambo hilo hata kidogo, kwa kuwa hujengwa kwa umbali na wala si kwa rangi. Kwetu watu wa kila aina wamesimama mbele yake, hata umeme wa taa ukiwa hafifu, na wote wamesomwa sawasawa.

Kinachoisumbua Kinect ni nyumba zenyewe. Inataka mchezaji mmoja asimame umbali wa mita 1.8 hivi kutoka kwenye runinga, na wawili wasimame kwenye mita 2.4, na eneo hilo lote liwe tupu. Sebule nyingi ninazozijua zimejaa makochi na meza ya kati, kwa hiyo kucheza kunaanza kwa kuhamisha samani, jambo ambalo mtu huona ni furaha siku za mwanzo na baadaye huona ni kazi. Jua la alasiri nalo lina infraredi nyingi kiasi cha kuzizamisha nukta za projekta, ndiyo maana kwetu pazia la upande wa magharibi hufungwa kabla ya mchezo. Halafu kuna suala la mavazi. Maelekezo yanashauri nguo zisizopwaya, na sababu yake inaeleweka upesi mtu akisimama mbele ya kamera akiwa amevaa dera: miguu miwili inakuwa umbo moja pana, na programu haina pa kuliona goti. Mke wangu hulifunga dera kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, na mchezo unaendelea.

Ukishayapita hayo, kuna mchezo mmoja unaostahili usumbufu wote, nao ni Dance Central wa kampuni ya Harmonix. Kwenye skrini kuna mchezaji wa dansi anayekuonyesha hatua, wewe unamfuata kama anayejitazama kwenye kioo, na kiungo chako kinachochelewa kinawaka rangi nyekundu kwenye umbo lake. Sijaona mchezo mwingine wa video ambao mama mkwe, mtoto wa shule ya msingi na kijana anayejiona hodari wa kila kitu wanaanza wakiwa sawa, tena kijana akashindwa. Hakuna wa kufundishwa kitufe cha kurukia ni kipi. Mtoto anaingia katikati ya wimbo, kamera inamsoma, naye anacheza. Michezo ya riadha na boliingi ya Kinect Sports, iliyotengenezwa na Rare, inakaribia furaha hiyo, hasa boliingi, kwa kuwa mwendo wake ni mmoja na wa wazi. Kinect Adventures, uliokuwa ukiambatanishwa na kifaa, unachosha mapema.

Sasa utoke kwenye kucheza uende kwenye orodha za kuchagua, na hapo ndipo utaona tatizo ambalo nadhani ndilo kiini cha habari yote. Katika michezo mingi ya Kinect, kuchagua kitu ni kuunyoosha mkono, kuupeleka juu ya picha unayoitaka na kuushikilia palepale mpaka duara lijae. Ni kama kupiga hodi kisha kusimama mlangoni ukisubiri wenyewe waridhike kwamba hukukosea nyumba. Kifaa hakina kitufe cha kukijulisha kwamba umeamua. Kinaona mkono umeinuka, lakini hakiwezi kutofautisha mkono unaochagua na mkono unaokuna kichwa, unaofukuza mbu au unaomwashiria mtoto apunguze kelele. Pedi hulimaliza jambo hilo kwa kitufe: kidole kikiwa kimepumzika hakuna kilichosemwa, kikibonyeza kimesema sasa. Tofauti hiyo ya kupumzika na kusema ndiyo iliyoondolewa pamoja na pedi, na mahali pake pamewekwa kusubiri.

Ndiyo maana dansi inafaulu na mambo mengine yanakwama. Katika dansi hakuna kupumzika. Kila mwendo wa mwili kwa muda wote wa wimbo ni jibu, kwa hiyo kamera haihitaji kubahatisha nia ya mtu. Katika mpira, mbio za magari au mchezo wa kutembea katika nchi ya kubuniwa, mchezaji anahitaji kusema mambo madogo mengi kwa haraka, kama vile piga, simama, geuka, badili silaha, huku mwili wake ukiwa umekaa. Isitoshe, huwezi kutembea kilomita nzima ndani ya mita mbili za sebule, na watengenezaji walilazimika kumburuta mchezaji kwenye njia iliyokwisha kupangwa ili yeye abaki na kazi ya kurusha mikono tu. Kuna pia ule mkawio kati ya mwili kusogea na picha kufuata, ambao katika dansi hufidiwa na mahesabu ya mchezo wenyewe, lakini anayetaka kudaka mpira anauhisi.

Historia ya soko inaniunga mkono kwa kiasi fulani. Wii ya Nintendo, iliyotoka 2006 na kuuzwa zaidi ya milioni 100, iliwaingiza wazee na watoto kwenye michezo kwa kutikisa mkono, lakini mkononi mlibaki kishikio chenye vitufe. Kinect yenyewe ilifika milioni 24 kufikia Februari 2013, ndipo Microsoft ilipoamua kila Xbox One, konsoli iliyofuata 360, iuzwe pamoja na Kinect mpya, kwa dola 499, huku PlayStation 4 ya Sony ikitoka mwezi huohuo wa Novemba 2013 kwa dola 399. Kufikia Juni 2014 konsoli ilikuwa ikiuzwa pia bila Kinect kwa dola 399, na Oktoba 2017 ikathibitishwa kuwa utengenezaji umekoma. Wanunuzi wengi hawakukataa kucheza kwa mwili. Walikataa kulipia kifaa ambacho mchezo waliokuja kuununua haukukihitaji. Teknolojia haikupotea. Apple iliinunua PrimeSense mwaka 2013, na iPhone X ya 2017 ikatoka na projekta ya nukta za infraredi inayomtambua mwenye simu kwa uso.

Quest 2 inaonyesha hatua iliyofuata. Kamera zake nne zinatazama mikono yako, na ukiviweka kando vishikio vyake utaiona mikono yako mwenyewe ndani ya uhalisia pepe, na vidole vyote vikisogea. Mara ya kwanza inashangaza kweli. Lakini angalia jinsi ya kuchagua: unaelekeza mkono, kisha unabana kidole gumba na cha shahada. Hakuna tena kusubiri duara lijae, na ukitazama vizuri utaona kwamba kitufe kimerudi, safari hii kimetengenezwa kwa vidole vyako viwili, na ngozi ikigusa ngozi unajua bila shaka kwamba umebonyeza. Kwa kutazama filamu, kufungua programu na kucheza mafumbo ya taratibu, mimi siviokoti tena vishikio. Kwa michezo ya kupigana navirudia, kwa sababu mkono ukipita nyuma ya kichwa au ukifunikwa na mwenzake kamera haziuoni, na kwa sababu upanga usio na uzito wala mtetemo mkononi haunogi.

Kinachoendelea sasa sokoni hakinionyeshi kwamba pedi inakufa. Miwani ya Vision Pro ya Apple ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499 bila kishikio chochote, ikitegemea macho na kubana vidole, na mwaka uliofuata Apple yenyewe ikatangaza kwamba itakubali vishikio vya PlayStation VR2, miwani ya Sony, kwa ajili ya michezo hasa. Meta, watengenezaji wa Quest, nayo mwaka 2025 ilianza kuuza Marekani miwani ya Ray-Ban Display kwa dola 799 pamoja na bangili inayosoma ishara za umeme za misuli ya kifundo cha mkono, kiasi kwamba kubana vidole kunasomeka hata mkono ukiwa umeulaza pajani. Kwa maoni yangu bangili ya namna hiyo ina nafasi kubwa kuliko kamera yoyote, maana inasikiliza uamuzi wa misuli badala ya kukisia kwa kutazama. Na kwa upande wa familia kuna Nex Playground, kisanduku kidogo chenye kamera kilichoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2023, kisicho na haja ya pedi na kisichojaribu kuwa konsoli ya kila mchezo. Natarajia migawanyo hiyo iendelee: dansi, mazoezi na michezo ya watoto ichezwe kwa mwili mtupu, na michezo mirefu ibaki na kitu cha kushika.

Kwa anayetaka kununua Kinect leo, chukua ile ya Xbox 360 pamoja na konsoli nyembamba zilizoanza kutoka 2010, kwa kuwa zina tundu maalumu linaloipatia umeme moja kwa moja. Konsoli za kabla ya hapo zinahitaji adapta ya pembeni, na wauzaji wa mtumba huipoteza mara nyingi. Soma maandishi ya adapta ya konsoli yenyewe kabla ya kutoa pesa. Za Marekani ni za volti 110, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ya kushushia utaiunguza. Usidanganywe kwamba itafanya kazi kwenye konsoli mpya zaidi za Xbox Series X au Series S, kwani hizo haziikubali kabisa. Duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa 29 Julai 2024, kwa hiyo nyimbo za ziada hazinunuliki tena humo. Tafuta diski za Dance Central, na kila moja ina nyimbo zaidi ya 30, na mwambie muuzaji aiwashe na kuichezesha mbele yako, ukiwa umesimama mita mbili kutoka kwenye runinga yake.