Ranflati au spea kwenye Benzi ya zamani: uzoefu wangu na W123

Nina Mercedes 240D, ile ya toleo la W123, ya mwaka 1982, aliniachia marehemu baba. Gia nne za mkono, dizeli ya farasi kama 72 tu, haina haraka ila inafika. Naandika kuhusu tairi kwa sababu nilifunga ranflati, zile tairi zinazotembea hata upepo ukiisha, kwenye hii gari nikatembea nazo karibu miaka miwili, mwaka huu nimezitoa nikarudi kwenye tairi za kawaida na spea, na naona kuna wenye magari ya zamani wanataka kufanya kama nilivyofanya mimi.

Kilichonisukuma ni usiku mmoja mke wangu alipata pancha barabara ya Mandela, hapa Dar, saa nne usiku, yuko peke yake. Nikamfuata na bodaboda, nikafungua buti nikatoa spea, kumbe haina upepo hata kidogo na ubavuni imepasuka pasuka. Nikamulika na simu kusoma zile namba nne za tarehe ubavuni, 2306, yani wiki ya 23 ya mwaka 2006. Hiyo tairi haijawahi kukanyaga lami na ilikua imeshakufa ndani ya buti, maana mpira unazeeka hata ukikaa tu, na ukizidi miaka kumi hata watengenezaji wenyewe wanakwambia utoe. Nikasema basi, natafuta tairi ambayo mke wangu hatakua na haja ya kushuka kwenye gari usiku.

Kwa asiyeijua, ranflati ubavu wake umeongezewa mpira mgumu kwa ndani, upepo ukiisha wote tairi hailali chini, ubavu ndo unabeba gari. Nyingi wanakupa kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80. Hapo ndo umeishiwa upepo kabisa.

Sasa shida ya kwanza, W123 inatumia ringi 14 na ranflati ya 14 nilitafuta nikachoka, sikuipata. Ikabidi nibadilishe ringi kwanza, nikachukua spoti ringi za 16 za Benzi za miaka ya mbele, bolti ni zile zile tano na nafasi ile ile ya milimita 112, nikafunga 205/55 R16, yani upana milimita 205, ubavu asilimia 55 ya upana, ringi 16. Kimo kinakaribiana sana, hiyo ina kama milimita 632 na ile ya mwanzo, 195/70 R14, ina kama 629, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi. Ila lazima upime ringi inavyokaa kwenye fenda kabla hujalipa, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, na upakize watu nyuma uone kama haigusi.

Shida ya pili ni sensa. Ranflati ikiisha upepo huijui kwa macho na kwenye usukani huihisi vizuri, na gari ya 1982 haina taa ya kukwambia. Bila sensa unaweza kutembea nayo kavu mpaka ikasagika. Nikanunua zile sensa za kufunga kwenye valvu badala ya kifuniko, kuna kioo kidogo unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kinaonyesha upepo wa kila tairi. Aisee hizi sensa ndo kitu bora kuliko vyote nilivyonunua kwenye hii safari nzima, nitazirudia.

Kutembea nazo mjini sasa. W123 ilitengenezwa na tairi ya ubavu mrefu laini, 195/70 ubavu wake ni kama milimita 136, na ile springi na shokapu zake zinategemea ule ulaini. 205/55 ubavu ni 113 tu halafu ni mgumu kama ubao. Rasta za barabara ya Morogoro, yale matuta madogo madogo, ambazo zamani nilikua nazipita naongea, ikawa kila ikipita meno yanagongana, dashibodi ikaanza kulia sehemu ambazo haijawahi kulia, mama mkwe ambaye anaipenda hii gari kuliko zote akaniambia baba, gari yako siku hizi inaniumiza mgongo. Ndani ya mwaka nikabadilisha bushi za mbele na bolijointi moja, siwezi kusema ni tairi peke yake maana gari ina miaka zaidi ya arobaini, lakini hizo bushi nilizifunga mpya miaka mitatu nyuma. Na ni nzito, na injini ya farasi 72 inauhisi kila uzito unaouongeza.

Ila niseme na zuri lake, maana lipo. Mwaka jana tunaenda Iringa, tuko katikati ya hifadhi ya Mikumi, pale barabara inapokatiza mbugani, sensa ikaanza kulia, tairi ya nyuma kushoto 30, 24, 17, baadae sifuri. Tulikua tumetoka kuwapita nyati pembeni kabisa ya lami na watoto wako nyuma. Sikusimama. Nikashuka hadi 50, ambayo ndo spidi ya pale pale kwa ajili ya wanyama, tukatoka mbugani hadi Mikumi mjini na hakuna aliyeshuka. Kwa dakika zile nilimshukuru Mungu na nikaishukuru ile tairi, na hilo sitalifuta hata sasa hivi nimezitoa.

Tatizo lilianza tulipofika. Kijana wa pancha pale ana vyuma vya kufungulia kwa mkono, ubavu wa ranflati ukamshinda, wakaja wawili, wakaja watatu, karibu saa nzima na wakakwaruza ringi. Ilipofunguka ndani kukamwagika unga mweusi. Akanionyesha na kidole, "Mzee, hii imeshajisaga ubavu kwa ndani, hata nikiziba msumari haitakubeba." Na alikua sahihi, ranflati iliyotembezwa bila upepo haitakiwi kuzibwa kienyeji irudishwe barabarani, huwezi kujua ubavu umebaki na nguvu gani. Sina spea kwa sababu nilishaitoa, buti nimejaza mizigo. Zile kilomita 80 nimeshazila sehemu, Dar iko kama kilomita 300 nyuma, Iringa mbele kuna mlima Kitonga. Mikumi nzima hamna 205/55 R16 ya ranflati. Ikabidi nipige simu Dar jamaa yangu anitafutie, atume kwa basi kama mzigo, ikafika kesho yake mchana, ni ya mtumba na haifanani na zingine. Tumelala Mikumi usiku mmoja na msiba tuliokua tunauwahi Iringa tukakuta wameshazika. Hilo bado linaniuma.

Nilichokielewa pale nimekaa kwenye benchi la fundi ni kwamba ranflati imetengenezwa kwa mtu ambaye ndani ya kilomita 80 ana duka la tairi. Ulaya sawa. Dar ndani sawa. Ukishavuka Chalinze hesabu ni nyingine. Na gari ya zamani ina tatizo la zaidi, ukiifunga kitu kisichopatikana popote unaifunga minyororo. Wenye Mini 1275GT, kile kigari kidogo cha Kiingereza, wanalijua hili, kuanzia 1974 iliweza kuja na Dunlop Denovo, ranflati ya zamani zile yenye ringi yake maalum, baadae hizo tairi zikaacha kutengenezwa na watu wakalazimika kubadilisha ringi zote ili gari itembee. Ringi 14 ya kawaida, kwa upande mwingine, nusu ya gari ndogo za Kijapani barabarani zinaitumia, hata kijijini hukosi cha kukufikisha.

Kwa hiyo nimerudi 195/70 R14 nne na ya tano mpya ya mwaka ule ule, inakaa mahali pake kwenye buti, kwa sababu Wajerumani walishaiwekea nafasi na kuiacha tupu hakuna faida. Kila miezi kadhaa naizungusha na zingine, yani inatembea, haiozi. Kama una spoti ringi na spea yako ni ringi ya chuma angalia sana bolti. Bolti za spoti ringi ni ndefu, ukizifunga kwenye ringi ya chuma ambayo ni nyembamba zinatokeza nyuma na kwenye tairi za nyuma zinaweza kugusa breki ya mkono pale ndani. Weka bolti tano fupi kwenye mfuko pamoja na spea. Na jeki ya asili ya W123 inachomekwa kwenye tundu chini ya mlango, lina kizibo cha mpira, chomoa ukague kutu kwanza ukiwa nyumbani, kama pameoza jeki itapanda na gari itabaki chini.

Mtu anayezunguka Dar tu, hasa anayerudi usiku, na gari yake ilitoka kiwandani na ringi 16 au 17, simkatazi ranflati, mpya lakini, usichukue ya mtumba maana huwezi kuona ndani ilishawahi kutembezwa kavu au la.

Mke wangu nilimwambia ukweli kwamba nazitoa na kwa nini. Sensa nimezibakiza kwenye tairi za kawaida na nikaongeza pampu ndogo ya umeme ya gari. Wiki mbili zilizopita akiwa Tabata ilimlilia ikiwa 26, msumari unavuja taratibu, akaingia sheli yenye taa na watu, akajaza, akafika nyumbani. Ikija kupasuka kabisa usiku bado atanipigia, na nitaenda.